Wageni katika Mahakama ya Wazi: Uchambuzi wa Ziara Moja ya Wanafunzi na Kikundi cha Kina Mama

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea katika mahakama moja ya wilaya Tanzania Bara. Ni mahakama ya kawaida yenye kumbi mbili za kusikilizia mashauri, masjala iliyojaa majalada, chumba cha mahabusu upande wa nyuma na mwembe ambao wadaawa, yaani watu wenye mashauri, hukaa kivulini mwake wakisubiri kuitwa. Shule ya sekondari ya kata iliandika barua ikiomba wanafunzi wa kidato cha tatu waje kujionea kwa macho yale waliyosomeshwa darasani kuhusu mihimili ya dola. Karibu na wakati huohuo kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa kiliomba, kupitia kwa ofisa maendeleo ya jamii, kufika mahakamani kupewa elimu ya mirathi. Ofisi ilipokea maombi yote mawili kwa moyo mkunjufu na, ili kazi za kila siku zisikatizwe mara mbili, ikawapangia wageni wote siku moja, Jumatatu saa tatu asubuhi.

Hakuna aliyekusudia kuvunja sheria siku hiyo. Hata hivyo, kufikia adhuhuri mwanafunzi mmoja alikuwa ameondoka peke yake bila kuaga, wakili wa utetezi alikuwa amelalamika mbele ya hakimu kuhusu umati uliomkodolea macho mteja wake, na kina mama walikuwa wanarudi nyumbani wakiamini kwamba wamekwepwa. Niliombwa baadaye na uongozi wa mahakama na wa shule kupitia mambo yalivyokwenda na kupendekeza utaratibu mwingine. Majina ya mahakama, ya shule na ya wahusika nimeyaacha kwa makusudi, na mambo machache yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyaondoa.

Tuanze na kile walichokiona wanafunzi. Katika mahakama hiyo, kama ilivyo katika nyingine nyingi, Jumatatu ni siku ya kutajwa kwa mashauri ya jinai ambayo upelelezi wake haujakamilika au ambayo tarehe ya kusikilizwa haijapangwa. Karandinga la magereza lilifika likiwa na mahabusu ambao hurejeshwa mbele ya hakimu kila baada ya wiki mbili hivi, na wanafunzi, waliokuwa wamepangwa mistari miwili uani wakisubiri kukaribishwa, waliwatazama wakishuka wawili wawili wakiwa wamefungwa pingu. Ziara ilikuwa imeshaanza kabla ya mtu yeyote kuwaambia neno.

Ndani ya ukumbi, karani alipaza sauti, "Korti!", watu wote wakasimama, hakimu akainama kidogo na kuketi. Shauri la kwanza lilikuwa la mauaji. Hati ya mashtaka iliposomwa, hakimu alimweleza mshtakiwa kwamba hatakiwi kujibu lolote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza shauri la namna hiyo, ambalo husikilizwa na Mahakama Kuu. Mwendesha mashtaka akasema upelelezi unaendelea, tarehe nyingine ikapangwa, mshtakiwa akarudishwa nyuma. Likafuata la wizi wa mifugo, likaahirishwa. La kujeruhi likaahirishwa kwa kuwa jalada lilikuwa bado kwa wakili wa Serikali. Mlolongo ukaendelea hivyo kwa zaidi ya saa nzima, kila shauri likichukua dakika chache, na hakuna aliyewaeleza wanafunzi kwa nini mtu anaweza kusomewa shtaka zito kuliko yote na kuamriwa anyamaze. Mwalimu alipokusanya madaftari yao, wengi walikuwa wameandika kwamba kazi ya mahakama ni kupanga tarehe. Kwa walichokiona, hilo lilikuwa jibu sahihi.

Baadaye likaitwa shauri la kosa la kujamiiana ambalo shahidi wake alikuwa amefika kutoa ushahidi. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inataka ushahidi katika mashauri ya aina hiyo upokelewe faraghani, kwa hiyo hakimu aliamuru ukumbi uachwe kwa wahusika tu. Amri ilikuwa sahihi kabisa. Wanafunzi walitolewa nje wakakaa chini ya mwembe bila mtu wa kuwafafanulia, na muda si mrefu ikazuka habari miongoni mwao kwamba kesi imefichwa kwa sababu mshtakiwa ni mtu mkubwa. Kwa hiyo utaratibu uliowekwa kumlinda shahidi dhidi ya aibu na vitisho ukageuka, katika vichwa vya vijana hao, kuwa ushahidi wa rushwa. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu linaonyesha hasara ambayo waandaaji wengi hawaitazami: mtu anaweza kuondoka mahakamani akiwa na imani ndogo kuliko aliyokuja nayo, ilhali mahakama imetenda ipasavyo.

Mwanafunzi aliyeondoka bila kuaga alikuwa na sababu yake. Mmoja wa mahabusu waliopandishwa kizimbani asubuhi ile ni mjomba wake, na alipogeuka kutazama ukumbi aliona sare ya shule, kisha akamwona mtoto wa dada yake akiwa amekaa kati ya wenzake. Nyumbani walijua kwamba mjomba yuko rumande, shuleni hawakujua. Hapakuwa na hila yoyote katika hilo: mahakama ya wilaya huhudumia watu wa wilaya hiyohiyo, na shule ya kata huchukua watoto wa kata hiyohiyo, kwa hiyo uwezekano wa kukutana kwa namna hii ni mkubwa kiasi kwamba mwandaaji anapaswa kuuchukulia kuwa ni jambo la kawaida.

Hapa ndipo penye kiini cha kisa chote. Ofisi ilipoulizwa, ilijibu kwamba mahakama ni ya wazi na kila mtu ana haki ya kuingia na kusikiliza. Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Uwazi wa mahakama umewekwa ili mwenendo wa shauri usifichwe, hakimu na waendesha mashtaka watende mbele ya macho ya watu, na mshtakiwa asihukumiwe gizani. Ni kinga yake kabla ya kuwa fursa ya wengine kujifunza. Raia anayeingia mwenyewe na kukaa benchi la nyuma anatumia uwazi huo. Taasisi inapopakia watu mia moja na kuwaleta kwa pamoja ili wamtazame mtu ambaye hata upelelezi wake haujakamilika, inafanya kitendo kingine, na ina wajibu wa kujiuliza mtu huyo ananufaika au anaumia vipi. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa ana hatia. Ziara ya kujifunza utoaji haki isiyoliheshimu katazo hilo inajipinga yenyewe.

Tena halikuvunjwa kwa maneno makali wala dharau. Lilivunjwa na karatasi ya maswali. Shule ilikuwa imewagawia wanafunzi karatasi ya kujaza wakati wa ziara, na swali lake la tatu lilisomeka hivi: "Taja majina ya washtakiwa watatu na makosa waliyoyafanya." Watoto wakayaandika kwa bidii. Wakili wa utetezi aliiona karatasi hiyo kwenye benchi, na malalamiko yake yalianzia hapo. Mwalimu aliyeiandaa ni mtu makini, na hakukusudia ubaya. Alichukua mfumo wa maswali ya ziara za kiwandani na makumbusho, ambako mgeni huhesabu na kuorodhesha vitu, akauhamishia mahali ambapo "vitu" hivyo ni watu wanaosubiri kusikilizwa. Katika karatasi iliyotumika baadaye, swali hilo liliuliza ni nani ana wajibu wa kuthibitisha shtaka na mwanafunzi aliona nini kilichoonyesha hivyo; majina ya wahusika yalikatazwa kuandikwa popote.

Upande wa kina mama ulikuwa na matatizo yake, nami nauona kuwa mgumu zaidi. Walikaa ukumbini asubuhi nzima wakisikiliza mashauri ya jinai yasiyowahusu, kisha wakakaribishwa kwenye chumba cha mikutano, chai ikaletwa, na hakimu akaanza kueleza mfumo wa mahakama kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama ya Rufani. Hakufika mbali. Mama mmoja aliomba kuuliza na, alipopewa nafasi, akasema kwamba shemeji yake aliteuliwa kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu mume wake, ameuza kiwanja, na shauri liko Mahakama ya Mwanzo ya tarafa yao. Hakimu akamkatiza: "Mama, hilo siwezi kulisikiliza hapa." Wengine wawili waliokuwa wameshanyoosha mikono wakaishusha.

Hakimu alikuwa sahihi kukataa, na ilikuwa lazima akatae. Uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo hukatiwa rufaa katika Mahakama ya Wilaya, kwa hiyo shauri la mama huyo lingeweza kumfikia hakimu yuleyule aliyekuwa anasimuliwa. Kama angelisikiliza upande mmoja huku wakinywa chai, upande wa pili ungekuwa na haki ya kumkataa. Na hata bila kulisikiliza madhara yalitokea, kwa kuwa siku chache baadaye upande wa shemeji ulikuwa unasema kijijini kwamba mjane "alikaa na hakimu chai wakazungumza". Katika wilaya ndogo maneno ya namna hiyo husafiri haraka kuliko samansi.

Tatizo, basi, lilikuwa katika kumweka hakimu mbele ya watu ambao kila mmoja wao amekuja na shauri lake moyoni, bila kuwaandaa wao wala yeye. Kikundi cha jamii hakiji mahakamani kama wanafunzi wanavyokuja. Mwanafunzi anataka kujua mahakama inafanyaje kazi. Mjane anataka kujua afanye nini Jumanne ijayo. Mwandaaji akiwapa wote wawili hotuba moja, atamchosha wa kwanza na kumkatisha tamaa wa pili. Swali la mama yule lilikuwa na jibu ambalo halikuhitaji kugusa shauri lake hata kidogo. Kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa au muda zaidi ambao mahakama itauruhusu, awasilishe taarifa kamili ya mali na madeni ya marehemu kwa Fomu Namba 5, kisha atoe hesabu za usimamizi wake kwa Fomu Namba 6. Mtu mwenye maslahi katika mirathi anaweza kuiomba mahakama imtake msimamizi atimize hayo, na msimamizi asiyetimiza wajibu wake anaweza kuondolewa. Karani wa mirathi angeweza kuwaonyesha fomu hizo zikiwa tupu na kueleza kila safu inajazwa nini, na mama angejua pa kuanzia bila kumtaja shemeji yake.

Tulipoandaa upya ziara ya kikundi hicho, hakimu hakuhusika isipokuwa kuwakaribisha kwa dakika chache na kueleza, kabla ya swali lolote, kwa nini haruhusiwi kusikia habari ya shauri la mtu nje ya ukumbi. Maelezo yaleyale ambayo mara ya kwanza yalichukuliwa kuwa kukwepa yalipokewa safari hii kwa kutikisa vichwa, kwa sababu yalitangulia maswali na aliwapa mfano wa pande zote mbili: wangependa mpinzani wao azungumze na hakimu faraghani? Kazi iliyobaki ilifanywa na karani pamoja na msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambaye alikaa kwenye meza ya pembeni kumwona kila mwenye shauri lake, mmoja mmoja. Kikundi kilikaa muda mwingi zaidi kwenye fomu tupu kuliko kwenye kitu kingine chochote. Kwa vikundi vya Dar es Salaam jambo hili ni jepesi kidogo, kwa kuwa Kituo Jumuishi cha Temeke kimetengwa kwa masuala ya mirathi na familia, na huduma nyingi zinazohusiana nayo zinapatikana katika jengo hilohilo.

Turudi kwa wanafunzi. Mpango wa ziara ya shule unapaswa kuanzia kwenye orodha ya mashauri ya wiki, kabla ya kuandika barua ya kukubali. Katika orodha hiyo mwandaaji anatafuta siku ambayo lipo shauri la kusikilizwa, lenye shahidi anayetarajiwa kufika, na anaondoa moja kwa moja makosa ya kujamiiana, mashauri yanayomhusu mtoto, ambayo chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 husikilizwa bila hadhira na utambulisho wa mtoto hulindwa, na mashauri yanayotoka kata ya shule yenyewe. Shule nayo hupewa nafasi ya kumwambia kila mzazi tarehe ya ziara mapema, na mwanafunzi yeyote anaruhusiwa kubaki bila kuulizwa sababu. Hilo la mwisho lilipingwa na baadhi ya walimu waliohofia utoro. Nadhani utoro wa watoto wawili ni bei ndogo.

Shauri la madai huwa chaguo zuri kuliko watu wanavyodhani. Walimu hupenda jinai kwa sababu ina kizimba na pingu, lakini mgogoro wa deni la biashara, ambamo mdai na mdaiwa wameketi wamevaa nguo zao na kila mmoja ana wakili au anajitetea mwenyewe, humfundisha mwanafunzi jambo lilelile, yaani namna ukweli unavyotafutwa kwa maswali, bila mtu kuwa katika hali ya kudhalilika. Wengine watauliza kuhusu migogoro ya ardhi, ambayo ndiyo inayojulikana zaidi mitaani. Hiyo kwa kawaida huanzia katika mabaraza ya ardhi, wala haipo kwenye orodha ya mahakama ya wilaya, na kueleza hivyo tu ni somo.

Na ninasema wazi kwamba shule nyingi zingefaidika zaidi kwa kwenda Mahakama ya Mwanzo kuliko kwenye jengo kubwa la mkoani. Pale hakimu huketi na washauri wa mahakama, kila kitu husemwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na bibi aliyekuja kudai mbuzi wake, na mashauri mengi ni mafupi, hivyo mgeni anaweza kusikia shauri likianza na kufika mbali katika asubuhi moja. Tatizo ni kwamba ukumbi wake ni mdogo, na shule nyingi hutaka picha mbele ya jengo lenye nembo kubwa. Hiyo picha ipigwe nje, ikiwa lazima, na simu zibaki kwa mwalimu.

Katika ziara ya pili wanafunzi waligawanywa makundi mawili yaliyokuja siku tofauti, wote wakiwa wameshatembelewa shuleni na karani aliyewaeleza nani hukaa wapi, kwa nini hakimu huandika muda wote shahidi anapozungumza, na nini kitatokea iwapo wataombwa kutoka nje. Kundi la kwanza lilipata shauri la deni la mbolea. Shahidi wa mdai alisema alishuhudia makabidhiano ya magunia asubuhi. Alipoulizwa na upande wa pili kuhusu stakabadhi, ilionekana aliitia saini jioni, katika mji mwingine. Ukumbi ulikuwa kimya, hakimu akaandika, na kalamu nyingi za wanafunzi zikaandika pia. Kundi la pili halikubahatika, kwani shahidi wao hakufika na shauri likaahirishwa. Tulikuwa tumeshajiandaa kwa hilo: mwalimu alikuwa amechagua katika TanzLII, tovuti inayochapisha hukumu za mahakama za Tanzania, hukumu fupi ya zamani, majina yakaondolewa, na wanafunzi wakaigiza shauri hilo katika ukumbi wa pili uliokuwa wazi, karani akiwa mwongozaji. Mwandaaji asiye na shauri la akiba anacheza kamari, kwa sababu kuahirishwa ni sehemu ya maisha ya mahakama.

Wapo wanaoamini kwamba Wiki ya Sheria, inayotangulia Siku ya Sheria mwanzoni mwa Februari kila mwaka, inatosha kwa kazi hii yote. Wiki hiyo ina faida yake: mabanda hufunguliwa, mahakimu na mawakili hutoka kwenda kwa watu, na mtu hupata ushauri bila malipo. Lakini inakuja wakati shule ndiyo kwanza zimefunguliwa, na anachokiona mgeni ni maonyesho na hotuba, si shauri. Ziara ya katikati ya mwaka, isiyo na bendera wala matarumbeta, hufundisha zaidi.

Lipo suala moja ambalo hatukuafikiana, nalo ni iwapo wadaawa na washtakiwa waambiwe mapema kwamba siku yao wageni watakuwepo. Upande wa ofisi ulihofia kwamba kuwaambia ni kuwapa nafasi ya kupinga uwepo wa watu ambao kisheria hawahitaji ruhusa, na kwamba mahakama ya wazi haipaswi kuomba radhi kwa kuwa wazi. Hoja hiyo ina uzito. Mimi naona waambiwe, angalau kwa mawakili wao na kwa wale wasio na wakili kupitia karani asubuhi hiyo, pasipo kuwapa mamlaka ya kuzuia. Mtu anayepanda kizimbani akikuta ukumbi umejaa sare za shule hushtuka, na mtu aliyeshtuka hajibu maswali vizuri. Uongozi umekubali kulijaribu kwa mashauri ya madai kwanza, na kulipeleka suala la jinai kwenye kikao cha kusukuma mashauri, ambako polisi, magereza, waendesha mashtaka na maofisa ustawi wa jamii hukaa meza moja na mahakama. Ombi la tatu la shule limeshapokelewa, na limewekwa kusubiri matokeo ya kikao hicho.